Vyombo vya Muziki na Watoto Wetu Wakati wa Likizo

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa nafasi ya kusema baada ya taarifa ya Mweka Hazina, nasi twajua kwamba mtu akiisha kusikiliza hesabu za fedha masikio yake huchoka na pua yake huanza kuelekea jikoni, maana harufu ya pilau imekwisha kutufikia sote. Hata hivyo twaomba mtuvumilie, kwa kuwa neno tulilo nalo haliwezi kungoja mkutano wa mwaka ujao. Shule zitafungwa mwishoni mwa mwezi huu wa Oktoba, na watoto watakuwa nyumbani mpaka mapema Januari, yapata wiki kumi. Katika wiki hizo kazi yote iliyofanywa na mwalimu wetu wa muziki tangu mwanzo wa mwaka yaweza kuhifadhika, au yaweza kupotea. Mwaka jana ilipotea, na katika kupotea kwake sisi tuliokabidhiwa ufunguo tulikuwa na sehemu yetu.

Wengi wenu mnalijua kabati lililo katika chumba cha afisi, mkono wa kushoto uingiapo. Ndani yake mna filimbi 12 za plastiki, zile ziitwazo rekoda, gitaa 2, kinanda kimoja cha umeme, ngoma na kayamba. Vyote vilinunuliwa kwa michango yenu, na wengine kati yenu mlitoa shilingi ambazo zilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Ufunguo wa kabati hilo hukaa katika mtoto wa meza yetu. Kila Jumamosi ya muhula tunafungua saa tatu asubuhi, watoto hujifunza mpaka saa sita, kisha tunahesabu na kufunga. Siku ya mwisho ya muhula tunahesabu mara mbili, tunaandika katika kitabu, tunatia kufuli, na kabati halifunguliwi tena mpaka shule zifunguliwe.

Kanuni hiyo haikutungwa na wajinga. Iliandikwa baada ya filimbi mbili kupotea katika likizo moja, na gitaa kurudishwa limevunjika shingo, na kila nyumba ikasema lilivunjikia kwa jirani. Wazee wa wakati ule waliona kwamba mali ya wengi isipolindwa huwa si mali ya mtu. Sisi wenyewe, tulipoanza kazi hii ya ukarani, tuliipenda sana kanuni hiyo, maana karani hupenda hesabu inayolingana. Filimbi 12 zikiingia Oktoba na filimbi 12 zikitoka Januari, karani hulala usingizi.

Walakini kuna mambo mawili yaliyotuondolea usingizi huo, nasi tutayasimulia kama yalivyokuwa.

La kwanza ni la wakati wa Korona. Tarehe 15 Machi 2020, siku ya Jumapili, ilitangazwa kwamba shule zote nchini zifungwe. Ukumbi wetu nao ulifungwa, na kabati likafungwa ndani yake. Katika haraka ya siku zile hakuna aliyekumbuka kwamba filimbi mbili zilikuwa nje. Wasichana wawili, mtu na dada yake, walikuwa wamezichukua kwa ajili ya onyesho shuleni kwao, nao hawakupata mahali pa kuzirudisha. Wanafunzi wote waliporudi shuleni tarehe 4 Januari 2021, na ukumbi ulipofunguliwa baadaye, wasichana wale walizileta zimefungwa katika leso, wakiogopa kugombezwa. Mwalimu aliwaambia wapige. Wakapiga wimbo mzima, mmoja akishika sauti ya juu na mwingine ya chini, jambo ambalo hakuna aliyewafundisha. Wenzao kumi waliobaki hawakuweza kupata hata zile noti tatu za kwanza bila kutazama vidole vyao.

Nasi tulifanya nini? Tuliandika katika kitabu, kwa mwandiko mzuri, "Filimbi mbili zimerejeshwa, salama," tukazifungia pamoja na nyingine.

La pili ni la mwaka jana, nalo ni gumu zaidi kusema. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 2024, tulipokuwa tukihesabu, mvulana mmoja wa miaka kumi na mmoja alibaki nyuma ya wenzake. Jina lake hatutalitaja, maana mama yake yumo humu. Aliomba aazimwe filimbi moja mpaka Januari. Tulimjibu kwa kanuni. Hakubisha. Aliomba karatasi, akailaza filimbi juu yake, akatia alama kwa kalamu mahali pa kila tundu, saba za mbele, na ya nyuma akaiandika pembeni. Tulidhani ni mchezo wa mtoto, tukamhimiza amalize tupate kufunga.

Yaliyofuata tuliyasikia baadaye kwa mama yake. Mvulana aliokota kipande cha bomba la maji penye ujenzi, akahamisha alama zile kutoka katika karatasi hata katika bomba, na kila jioni aliketi mlangoni akipeleka vidole juu ya alama na kuyaimba majina ya noti kwa sauti ya chini. Bomba halikuwa na tundu hata moja. Alifanya hivyo likizo nzima, hata siku ya Krismasi.

Januari akaja mbele ya darasa, na mwalimu alipomwita alisimama kwa furaha. Vidole vyake havikukosea. Lakini pumzi ni kitu kingine, nayo haifunzwi kwa bomba lisilo na sauti. Alipuliza kwa nguvu, filimbi ikalia kwikwi, akapuliza zaidi, ikalia zaidi, na watoto wakacheka kama watoto wachekavyo. Yeye naye alicheka. Akaiweka filimbi mezani, na tangu siku ile hajarudi. Mwezi wa Februari mama yake alitujia afisini, wala hakuja kwa ugomvi. Alisema, "Bwana Karani, lile bomba lingali chini ya kitanda chake. Je, nilitupe?" Tulimwambia asilitupe. Zaidi ya hapo hatukuwa na neno.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twaomba leo kanuni ile ibadilishwe, na vyombo viende nyumbani pamoja na watoto. Lakini haitoshi kusema vifunguliwe. Twajua mtakayotuuliza, na ni haki yenu kuuliza.

Kwanza, kwa nini wiki kumi ziharibu kazi ya miezi kumi? Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliandika kitabu mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe kwa muda mrefu, akijifunza kwa moyo maneno yasiyo na maana na kuangalia baada ya muda gani yamemtoka. Aliona kwamba kusahau hakwendi kwa mwendo mmoja: sehemu kubwa hupotea mapema sana, katika siku za mwanzo, na iliyobaki hupotea polepole. Aliona pia kwamba kazi iliyogawanywa katika siku nyingi hukaa kuliko kazi ile ile iliyorundikwa katika siku moja. Wakulima mlio hapa mtalielewa neno hili upesi: mche hunyweshwa kidogo kila jioni, haumwagiwi pipa zima siku ya Jumamosi. Basi mtoto akipiga filimbi dakika kumi na tano kila siku hufaidika kuliko yule apigaye saa mbili mara moja kwa wiki, na huyu wa saa mbili hufaidika kuliko yule ambaye filimbi yake imo kabatini.

Dakika kumi na tano tu. Hatuombi zaidi. Mtoto akitaka kuongeza, aongeze, lakini asilazimishwe, maana mzazi akigeuza muziki kuwa adhabu atakuwa amelifunga kabati kwa namna nyingine.

Ndugu mmoja alitukumbusha nje ya mkutano kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza watoto kutiwa katika masomo ya ziada wakati wa likizo. Ni kweli, nasi twaiona sheria hiyo kuwa njema. Lakini hatusemi mwalimu aje, wala darasa lifunguliwe, wala mtu alipe ada. Twasema mtoto akae nyumbani kwao na filimbi mkononi, kama vile akaavyo na mpira.

Neno zito tulilosikia kwa wazazi ni hili: "Sisi hatujui muziki, tutamsaidiaje?" Hapa twaomba ruhusa ya kuwapinga. Wengi wenu mmekuwa waimbaji wa kwaya za makanisa kwa miaka mingi. Mnaijua do, re, mi kuliko mnavyojua namba za simu za watoto wenu. Njia hiyo ilibuniwa katika karne ya 19 na mwanamke mmoja wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, naye John Curwen akaieneza, na wamisionari wakaileta kwetu. Sisi tuliosoma katika shule ya misheni tuliikuta ubaoni, imeandikwa kwa herufi na nukta, na mpaka leo tukiona wimbo umeandikwa kwa mistari mitano twahitaji muda, bali ukiandikwa kwa herufi twauimba papo hapo. Basi mtoto apigapo wimbo wake, wewe mzazi uimbe ule ule kwa do, re, mi. Noti ikienda kombo utaisikia kabla hujajua sababu yake.

Na hata ambaye hakuimba kamwe ana macho. Mwalimu wetu ametueleza mambo machache ambayo mtu yeyote aweza kuyatazama. Katika filimbi ya rekoda mkono wa kushoto hukaa juu na wa kulia hukaa chini, daima. Watoto wengi hubadilisha bila kujua, kwa kuwa mkono wa kulia ndio wenye nguvu, na mtoto akikaa wiki kumi na mikono iliyobadilishwa, kumrudisha ni kazi ya muhula mzima. Tazama pia kama ncha za vidole zinaziba matundu sawasawa. Noti ikivuja, tatizo huwa ni kidole kilichoinuka kidogo sana, hata mtoto mwenyewe hajui. Mwambie abonyeze, kisha atazame vidole vyake: kila kidole kinapaswa kuwa na alama ya duara kamili.

Tena pumzi. Filimbi hii haipulizwi kama ya mwamuzi wa mpira. Hupulizwa kwa upole, kama mtu apulizavyo kioo ili kukitia ukungu, na kila noti huanzwa kwa ulimi, kana kwamba mtoto anataka kusema "tu" bila sauti. Akipuliza kwa nguvu, italia kwikwi. Laiti mvulana wetu angalikuwa na chombo chenyewe, angaliyajua haya katika juma la kwanza la Novemba, peke yake, pasipo mtu wa kumcheka.

Jambo hili la pumzi lajibu pia malalamiko ya majirani, ambayo yamefika afisini mara nyingi. Twakaa katika vyumba vilivyoshikana, na wako baina yetu walinzi na wauguzi wanaofanya kazi usiku na kulala mchana. Mtu aliyekesha langoni mwa kiwanda ana haki ya usingizi wake. Lakini kelele inayoudhi ni ile ya pumzi kali. Mtoto akifunzwa kupuliza kwa upole jirani huanza kuvumilia, na jirani akigonga ukuta, na aichukue kuwa ni sauti ya mwalimu. Zaidi ya hayo twapendekeza kwamba mzazi aende mwenyewe kwa jirani kabla ya likizo, aulize saa inayofaa, na saa hiyo ifuatwe. Nyumba mbili katika ua wetu zimepatana juu ya saa kumi jioni, baada ya mlinzi kuamka na kabla ya kwenda kazini, na kwa habari tulizo nazo mlinzi yule sasa huuliza wimbo unaofuata ni upi. Wengine huwapeleka watoto juu ya paa penye kamba za nguo. Hapo pana nafasi ya kutosha, ila upepo huharibu sauti, na mtoto asiachwe juu peke yake.

Siku ambazo haiwezekani kupuliza, kwa msiba au ugonjwa, vidole vyaweza kufanya kazi kimya huku mtoto akiimba moyoni. Mvulana wa bomba alikuwa na akili katika hilo. Kosa halikuwa lake.

Twataka kusema neno la haraka juu ya zawadi za Krismasi. Baba mmoja, kwa moyo mwema, alimnunulia mwanawe filimbi mjini. Januari mtoto alipopiga pamoja na wenzake, noti yake moja, ile iitwayo F, ilikuwa ikigombana na zao, naye akaonekana mzembe. Hakuwa mzembe. Rekoda ni za namna mbili, za vidole vya Kijerumani na za vidole vya kibaroki, na kwa nje zafanana kama mayai. Hesabu matundu ya mbele kuanzia juu: katika ile ya kibaroki tundu la nne huwa dogo kuliko la tano, na katika ya Kijerumani la tano ndilo dogo. Nyingi pia zimeandikwa B au G upande wa nyuma. Zetu za kabatini ni za B. Atakayenunua na anunue B. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya jozi moja ya viatu vya shule, na yafaa zaidi kuliko gari la plastiki litakalovunjika kabla ya Mwaka Mpya.

Wako wazazi watakaosema, "Sisi Desemba hatupo hapa. Tunakwenda nyumbani, bara, kwa wazee." Na iwe hivyo, filimbi haina uzito. Ipanguswe ndani kwa kitambaa, iwekwe katikati ya nguo, isiachwe juani dirishani mwa basi, maana plastiki hupinda. Lakini hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, kwa sababu twaamini kwamba safari hiyo si hasara kwa muziki wa mtoto. Yaweza kuwa ndiyo sehemu yake bora.

Mtoto aliyezaliwa mjini hupanda basi akaenda kwa babu aliye na nyatiti yenye nyuzi nane, au litungu lenye nyuzi saba, au orutu wenye uzi mmoja tu unaolia kama mtu. Akienda pwani atakuta kayamba ya matete na mbegu, si ile ya kabatini kwetu iliyonunuliwa dukani. Akienda kwa Waisukha na Waidakho atasikia sukuti, ambayo ngoma yake ilitiwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya mambo ya urithi yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa haraka, wamesema. Wenye kuzijua nyimbo hizi ni wazee, na kila Desemba twarudi tukakuta mmoja wao hayupo. Na watoto wetu hufanya nini huko? Hukaa chini ya mwembe wakitazama simu mpaka umeme wake uishe, kisha hutafuta mahali pa kuutia.

Twaomba kila mtoto wa darasa la muziki arudi Januari na wimbo mmoja aliofunzwa na mtu mzee wa kwao. Aujue maneno, aujue maana, ajue huimbwa wakati gani, na aulize kama mwenyewe ameruhusu uimbwe kwingine, kwa kuwa ziko nyimbo zisizo za kila mahali. Asiuandike kwanza. Ausikie mara nyingi. Wanaofuatana na Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, wanajua kwamba nyimbo za kienyeji zina nafasi kubwa humo, na kwamba walimu hupata taabu kila mwaka kutafuta wimbo ambao haujaimbwa na shule kumi nyingine. Wimbo huo yawezekana uko kwa bibi yake mtoto fulani, na hakuna aliyemwuliza.

Hatusemi haya kwa sababu ya mashindano peke yake. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, tume ya watu watano ilipewa kazi ya kutayarisha Wimbo wa Taifa, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wangeweza kuchagua mlio wowote wa fahari. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao akina mama waliuimba kuwabembeleza watoto wachanga. Sisi sote husimama wima kwa ajili ya wimbo ambao mtoto alikuwa akilazwa nao. Haukutoka kabatini.

Juu ya swali la kama muziki utampa mtoto chakula, tutasema kidogo tu. Ni kweli kwamba mtaala wa umilisi umeweka sanaa na michezo kuwa njia mojawapo kati ya njia tatu za sekondari ya juu. Ni kweli pia kwamba katika mtaa wa Korogocho, karibu na jaa la Dandora, watoto wamekuwa wakifunzwa fidla na tarumbeta tangu mwaka 2008 katika mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, na kila mtu sasa anakubali kwamba umaskini wa mtaa si sababu ya kutofundisha. Lakini sisi hatutawaahidi kwamba mtoto wenu atakuwa mtu mashuhuri. Wengi hawatakuwa. Twasema tu kwamba mtoto aliyeweza jana kupiga kitu, na leo hawezi tena kwa sababu ya kufuli letu, ana sababu ya kutotuamini tukimwita kwa jambo lingine.

Yabaki mambo ya mali. Tumeandaa daftari la kuazima. Kila chombo kitakuwa na namba yake, na mzazi au mlezi atatia sahihi mwenyewe, si mtoto. Hatutoi chombo kwa mtoto aliyekuja peke yake, hata akilia. Hakuna ada. Filimbi ikipotea, mzazi atalipa bei yake kwa mafungu mawili, na asiyeweza kabisa atakuja afisini kusema, naye hataaibishwa mbele ya watu. Kinanda hakitatoka, kwa kuwa ni kimoja na ni kizito, bali ukumbi utafunguliwa kila Jumamosi ya likizo asubuhi, isipokuwa wiki ya Krismasi, ili wanaojifunza kinanda waje kwa zamu. Sisi tutafungua. Tumekwisha kumwambia mke wetu, naye amekubali kwa masharti yake.

Filimbi zinaweza kupotea. Hatutaki mtu atoke hapa akidhani tumeahidi vingine. Labda Januari tutahesabu 10, au 9. Karani wenu atasoma hesabu isiyolingana mbele yenu mwaka ujao, nanyi mtamwuliza, naye atajibu. Tumefikiri sana juu ya hilo, na tumeona kwamba twaweza kulijibu kwa urahisi zaidi kuliko swali la yule mama juu ya bomba.

Bwana Mwenyekiti, twaomba shauri hili liwekwe mbele ya mkutano kabla ya chakula.

*

Neno lililoongezwa wakati wa kupiga chapa: Shauri lilikubaliwa na mkutano, isipokuwa kwa magitaa, ambayo Wazee waliona yabaki kabatini mpaka ionekane likizo hii ya kwanza imekwendaje. Mzee mmoja alitaka ada ndogo itozwe, wengine wakakataa, likaachwa. Hata siku ya kupeleka kitabu hiki kwa mpiga chapa filimbi 9 zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi. Namba 7 ilichukuliwa na mama kwa ajili ya mtoto ambaye hakufuatana naye. Tatu zingalimo. Wazazi wanaozihitaji na waje Jumamosi kati ya saa tatu na saa sita, pamoja na kitambulisho.